Shajara ya mradi: harusi ya wageni 112 kwa chini ya nusu ya makadirio ya kwanza

Shajara hii inaandikwa ili anayepanga harusi aifuate hatua kwa hatua, au achukue kipande kinachomfaa. Hakuna sarafu inayotajwa. Jumla ya bei tulizopewa na watoa huduma kabla ya kupunguza chochote imeitwa pointi 100, na kila gharama inaandikwa kama sehemu ya hizo 100. Gawa makadirio yako kwa 100, utajua pointi moja ni kiasi gani kwako. Lengo ni kumaliza kwa pointi 55, bila mkopo na bila mgeni kuondoka na njaa.

6 Januari, zimebaki siku 171: makadirio ya kwanza

Kwa wageni 180, siku ya mwisho wa wiki, kila kitu kikifanywa na watoa huduma:

Ukumbi 18, chakula na vinywaji 44, mapambo na maua 11, picha na video 9, nguo 7, muziki 5, keki 3, kadi 2, usafiri 1.

Kabla ya kugusa bei yoyote, tumezigawa gharama mafungu mawili. Zipo zinazopanda kwa kila kichwa: chakula, vinywaji, keki, kadi, viti, meza na mapambo ya meza. Zipo ambazo hazijali idadi ya watu: gauni, mpiga picha, spika. Chakula peke yake ni pointi 44 kwa watu 180, yaani karibu pointi 0.24 kwa mtu. Wageni 4 ni pointi 1. Hesabu hii imebandikwa ukutani, maana ndiyo inayoonyesha kwamba kumbembeleza fundi wa muziki wiki nzima apunguze bei kunaokoa kidogo kuliko kufuta majina 4.

19 Januari, siku 158: orodha ya wageni

Jaribio la kwanza lilishindwa. Orodha iliandikwa kwa nyumba: jina la mkubwa wa nyumba, kisha neno "na familia". Ilikuwa mistari 41, na kila aliyeiangalia alikadiria watu 110 hivi. Tulipoandika upya mtu mmoja mmoja kwa jina lake, watoto wakiwemo, ilifika 163. Tofauti ya watu 53 ni zaidi ya pointi 12 za chakula, na ilikuwa imejificha ndani ya maneno mawili tu.

Namna tulivyorekebisha: jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtu, na safu tatu. Safu A ni wale ambao bila wao harusi haifanyiki. Safu B ni wale ambao wanaoana wamezungumza nao ana kwa ana au kwa simu ndani ya miezi 12. Safu C ni waliobaki. Safu C yote imetoka na itapelekewa ujumbe wa heshima baada ya harusi, pamoja na picha. Imebaki orodha ya 118.

Jambo moja limetugharimu mabishano ya siku tatu: kila upande ulitaka kubadilishana, "ukimtoa wako nami namtoa wangu". Njia hiyo haifai, kwa sababu upande wenye ndugu wachache unaishia kumtoa mtu wa karibu ili kulingana na upande wenye ndugu wengi. Kigezo kimoja kwa wote kilimaliza mjadala.

Pointi 15 zimeokoka kabla hatujazungumza bei na mtu yeyote.

9 Februari, siku 137: ukumbi

Kumbi tatu zilitembelewa. Wa bei ya chini kabisa ulikuwa pointi 9 na ukakaribia kuchukuliwa siku hiyo hiyo. Kilichotuokoa ni kuomba mkataba tuusome nyumbani. Bei ile ilikuwa ya chumba kitupu. Viti, meza, vyombo, usafi wa baadaye na jenereta vyote vilikuwa na bei zake pembeni, kulikuwa na ada ya kuingiza vinywaji kutoka nje, na mpishi wa nje hakuruhusiwa. Tulipojumlisha hadi mlango unafungwa usiku, ilikuja pointi 17.5. Ukumbi wa pili, uliotajwa kwa pointi 12, ulikuwa na viti, meza na vyombo ndani, na mpishi wa nje alikaribishwa.

Kwa hiyo kila ukumbi tumeupima kwa maswali haya, na majibu yameandikwa, hayakubaki ya mdomo: Saa za kukodi zinaanza mapambo yanapoingia au wageni wanapoingia? Saa ya ziada inatozwa kwa dakika au kwa saa iliyoanza? Kodi na ada ya huduma zimo ndani ya bei? Umeme ukikatika, nani anaweka mafuta ya jenereta? Amana inarudi baada ya siku ngapi, na nini kinaweza kukatwa humo? Mishumaa ya moto inaruhusiwa?

Kupunguziwa bei hakukuja kwa kuomba punguzo. Tuliuliza ni siku gani ukumbi hukaa mtupu, tukapewa Alhamisi, bei ikashuka hadi 10.5. Juu yake tuliomba kitu ambacho hakiwagharimu wenye ukumbi: kuingiza mapambo jioni ya siku iliyotangulia. Bila hilo, saa tatu za kupamba zingetoka kwenye saa zetu. Mkataba ni wa saa 9 alasiri hadi saa 4 usiku, Alhamisi ya tarehe 26 Juni, na saa ya ziada hutozwa nzima ikishaanza.

Hasara ya siku ya kazi ni kwamba wageni wa mbali wanahitaji kuomba ruhusa mapema. Ujumbe mfupi wa "weka tarehe" umetumwa kwa simu siku hiyo hiyo, miezi minne na nusu kabla.

Gharama: 10.5, nusu imelipwa kama malipo ya awali, risiti imepigwa picha.

2 Machi, siku 116: kadi

Kadi za A6, nne kwa kila karatasi ya A4, zinachapwa kwenye printa ya wino ya nyumbani. Kazi ndogo, lakini imeharibika mara mbili.

Mara ya kwanza tulinunua karatasi yenye kung'aa kwa sababu inapendeza dukani. Ilikuwa ya printa za leza. Wino wa maji haukupata pa kunywea, ukabaki juu, na baada ya saa nzima bado ulikuwa unapakaa kidoleni. Karatasi 14 zilitupwa. Iliyofaa ni isiyong'aa, ya gramu 200 kwa mita ya mraba, iliyoandikwa kwamba inafaa printa za wino. Ya gramu 250 ilikwama kwenye printa yetu kila baada ya karatasi mbili au tatu.

Mara ya pili tatizo lilikuwa muundo. Tuliweka fremu nyembamba kuzunguka kadi. Printa huacha ukingo ambao haichapi, na kisu kikienda pembeni milimita 1 tu, fremu inaonekana nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Macho yanakwenda hapo kabla ya kusoma majina. Fremu imeondolewa, maandishi yamewekwa katikati yakiwa na nafasi ya milimita 12 kila upande, na sasa kosa la milimita 2 halionekani kabisa.

Msimbo wa QR wa ramani ulichapwa kwa upana wa milimita 12 na simu za zamani zikashindwa kuusoma. Kwa milimita 22 zote zilisoma, hata kwenye mwanga hafifu.

Idadi: kadi ni kwa nyumba, si kwa mtu. Watu 118 ni nyumba 61, hivyo karatasi 17 zinatoa kadi 68, saba za akiba. Kila kadi ina majina ya walioalikwa na mstari "Viti vilivyotengwa:" wenye namba. Mstari huo ndio ulinzi wa orodha ya Januari. Kadi isiyo na namba humwachia mpokeaji ahesabu mwenyewe.

Gharama: 0.4. Karatasi zilizoharibika: 0.1, imeandikwa kwenye fungu la makosa.

30 Machi, siku 88: nguo

Gauni lililovaliwa mara moja limepatikana kwa pointi 1.2, robo tu ya bei ya jipya la aina hiyo. Anayetafuta la mtumba ashike jambo hili: nunua kubwa, usinunue dogo. Kupunguza ni kazi ya kawaida ya fundi. Kupanua kunategemea kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono, na mara nyingi ni sentimita 1 au 2 tu. Kitambaa kikishakatwa hakuna fundi wa kukirudisha. Kabla ya kulipa, geuza gauni ndani nje mchana wa jua, tazama makwapa kama yana umanjano, vuta zipu mara kumi, na pitisha kiganja chini kwenye upindo uone kama umechakaa.

Mahali tulipokosea ni upindo wenyewe. Gauni lilikuwa refu kwa sentimita 9, tukadhani kufupisha ni kazi ya mchana mmoja. Lakini pindo lake lilikuwa la lesi yenye shanga, na lesi haikatwi, la sivyo shanga zinamwagika kama mtama uliotoboka gunia. Fundi alilazimika kuibandua lesi yote, kukata kitambaa juu yake, kisha kuirudisha kwa mkono. Kazi hiyo peke yake iligharimu karibu sawa na gauni. Kama tungeuliza kabla ya kununua, tungechagua gauni lenye upindo mtupu.

Kipimo cha urefu kichukuliwe bwana fundi akiwa amepiga magoti na bibi harusi akiwa amevaa viatu vile vile vya siku ile. Upindo wetu umeachwa sentimita 2 juu ya sakafu kwa mbele.

Suti imekodiwa. Gharama ya nguo zote, fundi akiwemo: 3.3.

20 Aprili, siku 67: meza, chupa na maua ya majaribio

Meza ni 14, duara za sentimita 152, watu 8 kila moja, jumla viti 112. Orodha ni ya 118, lakini ukumbi una meza mbili za akiba ikihitajika.

Vitambaa vya meza vimetufundisha kwamba kujitengenezea si nafuu kila mara. Meza ya sentimita 152 yenye kitambaa kinachoshuka sentimita 38 kila upande inahitaji duara la sentimita 228. Kitambaa cha dukani kina upana wa 150, kwa hiyo lazima vipande viwili viungwe, mita 4.6 kwa meza moja, zaidi ya mita 64 kwa zote. Tulinunua na kushona vya meza tatu kabla ya kupiga hesabu hiyo hadi mwisho. Kukodi vitambaa vyote 14, vikiwa vimefuliwa, ni nusu ya bei ya kitambaa kibichi. Vile vitatu vimekwenda kwenye meza ya keki, ya zawadi na ya vinywaji, na pointi 0.6 zimeingia kwenye makosa. Waulize wanaokodisha kama vinakuja vimepigwa pasi. Vyetu vinakuja vimekunjwa, na kukipiga pasi kimoja ni nusu saa.

Chupa za jemu 42 za kuwekea maua na mishumaa, tatu kwa meza, zimekusanywa bure tangu Januari. Gundi ya lebo haitoki kwa maji ya moto peke yake. Inabaki utando unaonata na kukusanya vumbi. Kilichofaa: mafuta ya kupikia na magadi ya kuokea kwa kipimo sawa, pakaa, acha dakika 30, sugua, kisha osha kwa sabuni mara mbili. Chupa ambayo haikuoshwa mafuta vizuri huonyesha alama za vidole chini ya taa. Mdomo wa chupa ya mshumaa uwe na upana wa sentimita 7 au zaidi. Kwenye zenye shingo nyembamba moto ulikosa hewa, ukatoa moshi, na kioo kikaingia masizi ndani ya dakika 20. Mishumaa midogo ya kikombe cha bati ilidumu karibu saa 4, hivyo itawashwa wageni wakishaketi, si wakati wa kupamba.

Maua: mashina 20 ya waridi yalinunuliwa kwa jumla, yakiwa bado yamefumba, ili kupima. Kumi yaliwekwa chumba chenye giza na baridi. Kumi yaliwekwa jikoni, karibu na kapu la matunda yaliyokuwa yanaiva. Baada ya siku mbili, ya kwanza yalikuwa yamefunguka nusu na yamesimama. Ya jikoni yalikuwa yamelegea shingo, na petali zinadondoka ukiyagusa. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini ambayo huzeesha maua, na joto la jikoni lilimalizia kazi. Basi maua yasikae nyumba moja na matunda, hata kama ndoo ni nzuri.

11 Mei, siku 46: chakula

Bei ya mtoa huduma kwa watu 112, idadi ya viti vyetu, ilikuwa pointi 27.4. Njia tuliyochagua ni kununua vyakula wenyewe, kumlipa mpishi kwa siku na wasaidizi wake watano.

Vipimo vya mtu mmoja, vikiwa vibichi: nafaka kavu gramu 90, nyama isiyo na mfupa gramu 170, mboga gramu 140. Hapa karibu kila anayepanga anasahau kitu kimoja: mpishi, wasaidizi, mpiga picha, anayesimamia muziki na dereva nao wanakula. Kwetu ni watu 12. Hivyo hesabu ni ya 124: nafaka kilo 11.2, nyama kilo 21.1, mboga kilo 17.4.

Jaribio la sufuria kubwa lilifanyika kwa kilo 6 za nafaka na maji mara mbili yake, kama tunavyopika nyumbani. Chini iliungua, katikati ikawa bokoboko. Sababu ni kwamba sufuria kubwa haipotezi mvuke kwa kiwango cha sufuria ndogo, kwa hiyo maji ya ziada hayana pa kwenda, na uzito wa juu unaiponda nafaka ya chini. Mpishi akapunguza maji hadi mara moja na nusu na kugawa kilo 4 kwa sufuria, sufuria tatu. Ilitoka ikiwa imejitenga punje kwa punje. Nafaka iliyoharibika: 0.1.

Meza ya chakula nayo ina hesabu yake. Mtu mmoja hutumia sekunde 20 hivi kujipakulia. Foleni moja ya watu 112 ni dakika 37, na wa mwisho anafika chakula kimepoa. Meza ikivutwa kutoka ukutani ili watu wapite pande zote mbili, inakuwa chini ya dakika 20. Nyama imewekwa mwisho wa meza na inapakuliwa na mhudumu. Si kwa ajili ya kumnyima mtu: sahani inapofika pale tayari ina vitu vingine, na aliye wa mwisho kwenye foleni anapata kipande sawa na aliyetangulia.

Usalama haukupunguzwa hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Tumenunua kipimajoto cha kuchoma kwenye chakula.

Keki: ngazi tatu mbele ya wageni, ya juu tu ndiyo ya kuliwa, mbili za chini ni stairofomu iliyopakwa aisingi. Wageni wanakula kutoka trei mbili za sentimita 30 kwa 40 zilizoko jikoni. Zikikatwa vipande vya 5 kwa 5 zinatoa 96, hazitoshi, na tulikuwa karibu kuagiza trei ya tatu. Zikikatwa 5 kwa 4 zinatoa 120. Gharama: 1.1.

1 Juni, siku 25: uthibitisho

Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa jana. Nyumba 23 kati ya 61 hazikujibu. Kupiga simu kulichukua jioni mbili. Swali la "mtakuja?" lilileta "tukijaaliwa", jibu ambalo haliwezi kununuliwa kilo. Swali lililofanya kazi lilikuwa: "Tunaandika majina kwenye meza leo, tuandike nani na nani?" Wamethibitisha 112. Hakuna aliyeongeza mtu zaidi ya namba ya kadi, ila nyumba moja, na walielewa walipoelezwa kwa upole.

15 Juni, siku 11: muziki, umeme na picha

Spika mbili zenye amplifaya ndani yake, stendi na maiki mbili zimekodiwa bila fundi, na orodha ya nyimbo imepakuliwa kwenye simu yenye hali ya ndege, ili simu isiingie katikati ya sala au hotuba. Gharama 1.6.

Mazoezi yalifanyika ukumbini kwa saa moja na yalifichua makosa mawili. Maiki ilipiga yowe kila msemaji aliposogea mbele. Spika zilikuwa nyuma yake, zikimrudishia maiki sauti yake. Zilisogezwa mbele ya msemaji, zikainuliwa juu ya vichwa vya walioketi, yowe likaisha. Kosa la pili: vipasha chakula viwili viliwekwa sakiti (njia ya umeme) moja na spika, na umeme ukakatika vilipowashwa pamoja. Jumlisha wati za kila kifaa kabla ya kuchagua soketi, na vipasha vipewe sakiti yao. Waya wa ekstensheni ufunguliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ukibeba mzigo mkubwa ukiwa umeviringishwa hupata moto.

Mpiga picha ni wa saa 4 badala ya 10, pointi 4.2, bila video. Hapa hatukutafuta wa bei ya chini, kwa kuwa picha mbaya hairudiwi. Tulipunguza saa. Orodha ya picha za makundi ilikuwa na makundi 22. Kwa dakika 3 kila kundi ni saa moja na dakika 6, zaidi ya robo ya muda wake. Yamebaki 9. Wageni watatuma picha zao kwenye folda ya pamoja kwa kiungo, kwa sababu zikipita kwenye programu za ujumbe hubanwa na kupoteza ubora.

25 Juni, siku 1: maua, vitambaa, barafu

Mashina 100 yalifika juzi: 70 ya meza, 18 ya shada, 12 ya akiba. Kila shina limekatwa sentimita 2 kwa mshazari, majani yote ya chini ya mstari wa maji yametolewa, ndoo zimesuguliwa kwa sabuni, maji yamebadilishwa kila siku. Yamevunjika matatu tu. Majani ya kijani yamejaza zaidi ya nusu ya kila chupa na hayakulipiwa.

Vitambaa 14: saa 7 za pasi, watu wawili wakipokezana. Kila kimoja kimetundikwa, hakikukunjwa tena.

Barafu kilo 80, yaani kilo 0.7 kwa mtu. Pipa lenye barafu tupu bila maji lilipoza chupa za chini tu. Tulipoongeza maji hadi nusu ya pipa, zote zilipoa ndani ya nusu saa, kwa kuwa maji hugusa chupa pande zote na barafu peke yake hugusa pembe tu.

29 Juni: hesabu baada ya siku yenyewe

Waliofika ni 109. Chakula kilitosha, kikabaki cha watu 10 hivi, kikagawiwa wasaidizi ndani ya saa 2. Maua ya meza yalisimama hadi mwisho.

Makosa ya siku yenyewe yalikuwa mawili. La kwanza ni vinywaji. Kanuni ya vinywaji 2 saa ya kwanza na 1 kila saa inayofuata, kwa saa 5, ilitoa 672. Tulinunua 600 kwa makubaliano kwamba ambavyo havijafunguliwa vitarudishwa. Vilitumika 471. Kati ya 129 vilivyobaki, duka lilipokea 93 na kukataa 36, kwa sababu lebo zilikuwa zimelowa na kubanduka kwenye maji ya barafu. Vilikuwa vimezamishwa vyote kwa pamoja mchana. Atakayefuata shajara hii apoze theluthi moja kwa wakati, na theluthi ya mwisho isilowe kabla ya pipa la pili kuanza kupungua. Hasara 0.4.

La pili ni saa. Wageni waliondoka saa 3 usiku kama ilivyopangwa, tukabaki na saa nzima ya kufungasha, na haikutosha. Chupa 42 zenye maji, nta na maua hazikusanywi haraka. Tulitoka saa 4 na dakika 20, na saa nzima ya ziada ikatozwa, kama mkataba ulivyosema Februari: 0.5. Inahitajika saa moja na nusu, watu sita, na ndoo mbili mlangoni za kumwagia maji.

Jumla: ukumbi 10.5, chakula na vinywaji 20.4, picha 4.2, mapambo na maua 4.1, nguo 3.3, muziki 1.6, usafiri 1.6, keki 1.1, kadi 0.4, makosa 1.7. Pointi 48.9.

Usafiri ndio pekee uliozidi makadirio, kutoka 1 hadi 1.6. Kila tulichojifanyia wenyewe kilihitaji kubebwa: safari tano za gari, wakati mtoa huduma angeleta mwenyewe. Anayeishi mbali na ukumbi aongeze hapo.

7 Julai: masahihisho

Amana ya ukumbi imerudi yote. Kitambaa kimoja cha kukodi kilikuwa na nta. Tuliweka barafu juu ya nta hadi ikavunjika, mabaki yakapigwa pasi ya moto kiasi katikati ya karatasi mbili za kunyonya, na kikapokelewa bila faini.

Kwenye maandishi ya 20 Aprili tumesema mishumaa hudumu karibu saa 4. Siku yenyewe, karibu na milango iliyo wazi, mingi ilizima baada ya saa 3, kwa sababu upepo huifanya nta kuyeyuka upande mmoja. Meza za mlangoni zipewe mishumaa ya kubadilisha, au chupa ndefu kuliko zetu za sentimita 12.